Mkono Usiosikia

Dobi huyu watu walimwita Mkunjo, na jina alijitafutia mwenyewe. Ukipita mbele ya duka lake na shati lililojikunja, hata kama hamjuani, alikusimamisha, akalishika pindo la shati lako taratibu, akatikisa kichwa kama aliyepewa habari ya msiba. Suruali ikitoka mezani pake ilikuwa na mstari ulionyooka kuliko tabia za wengi wetu. Kwa mambo ya nguo alikuwa haambiliki. Kwa mambo mengine pia alikuwa haambiliki, tusifichane. Marehemu mkewe alizoea kusema, mbele yake na nyuma yake, kwamba mume wake ana kila sifa njema ila moja: hasikii. Umwambie asipande ngazi na goti linamuuma, anapanda. Umwambie mvua inakuja, anaanika. Binti yao wa pekee alilikuta neno hilo nyumbani, akakua nalo, akaolewa akiwa bado analisema.

Alikuwa na chumba cha mbele cha kazi na chumba cha nyuma cha kulala, na katikati pazia ambalo, bila shaka, lilikuwa limepigwa pasi. Miaka arobaini alisimama kwenye meza ile ile iliyotandikwa blanketi kuukuu. Alikuwa na pasi ya umeme ya kila siku, na pasi nzito ya mkaa ya siku umeme ukikatika, na siku hizo ndizo majirani walizozipenda. Kaa la moto likidondoka sakafuni, Mkunjo hakuhangaika kutafuta koleo. Aliinama, akaliokota kwa vidole viwili, akaligeuzageuza kama mtu anayechagua nyanya, ndipo akalirudisha ndani ya pasi. Fundi viatu wa mlango wa pili, mtani wake wa miaka mingi, aliwaita wateja wake waje waone mkono wa chuma, na Mkunjo alijidai kimyakimya. Glasi ya chai ambayo fundi viatu aliishika kwa kitambaa, yeye aliikumbatia kwa viganja vyote viwili, akalalamika kwamba mama wa chai siku hizi anawauzia vuguvugu. Lishike neno hilo, vuguvugu, maana ndilo lililoleta balaa lote.

Kulikuwa na mambo ambayo hakumwambia mtu. Kwa karibu mwaka mzima vifungo vilikuwa vinamtoroka vidoleni. Sindano ilianguka asijue imeanguka, akaendelea kushona hewa. Siku moja alikuta lengelenge kubwa kwenye kidole gumba na hakukumbuka limetoka wapi. Aliulaumu uzi, akailaumu sindano, akayalaumu macho. Mkono hakuulaumu.

Binti yake alikuwa mwalimu wa watoto wadogo, na mume wake dereva wa malori ya safari ndefu, mwezi barabarani, siku nne nyumbani. Mimba mbili zilikuwa zimemtoka, zote mwezi wa tano. Ya tatu ilipofika mwezi huo huo, hakulala, hakula, alikaa akijisikiliza tumbo. Bibi mmoja aliyekuwa akifuga kasuku alimwonea huruma, akampa kinda ambalo mama yake alikuwa amelikataa, ili angalau mikono yake ipate shughuli. Lilikuwa halina unyoya hata mmoja, likaitwa Kipara, na jina likamganda hata manyoya yalipoanza kumwota. Binti alimlisha uji wa unga wa makinda kwa bomba la sindano, na mwezi wa tano ukapita akiwa hana hata nafasi ya kuuogopa.

Mwezi wa saba presha ikampanda. Madaktari wakasema alazwe, asinyanyuke kitandani mpaka ajifungue, na asipewe habari yoyote ya kumshtua. Mume alikuwa safarini, mama alikuwa kaburini, kwa hiyo Kipara akaja kwa Mkunjo ndani ya boksi la viatu vya mvua, na karatasi ya daftari iliyojaa maelekezo. Ale mara tatu kwa siku. Uji usiwe mzito. Kile kifuko cha chakula pale chini ya shingo kijae, lakini kisikaze. Awekewe sahanini vipande vya papai na mahindi yaliyochemshwa, avichezee, ajifunze. Asiachishwe kwa nguvu, ukifika wakati ataacha bomba mwenyewe. Na mstari mmoja alikuwa ameupigia wino mara mbili: uji uwe vuguvugu, pima kwa mkono.

Mkunjo aliibandika karatasi ukutani, juu ya meza ya pasi. Siku ya kulazwa, kabla ya kuachana, binti alikuwa amemshika baba yake mkono.

"Nimepoteza wawili, baba," alisema. "Huyu nitunzie."

Mkunjo hakuhitaji kufafanuliwa. Ndege akifa, habari itafika kitandani, presha itapanda, na yaliyo tumboni Mungu ndiye anayejua. Alirudi nyumbani roho ikiwa mkononi.

Siku za mwanzo mambo yalikwenda vizuri, na yalikwenda vizuri kwa sababu dobi alikuwa mwoga. Alikoroga uji, halafu akatafuta miwani. Akaisoma karatasi yote kutoka juu mpaka chini. Akatandika taulo, akalikunja upya kwa sababu pembe hazikulingana, akamtoa Kipara kwenye boksi kama anayetoa yai. Mpaka bomba linafika mdomoni, uji ulikuwa umeshapoa wenyewe. Kipara alitikisa kichwa juu chini, mabawa yakamtetemeka, akatoa ule mlio wa kudai, mkali kama mlango usiotiwa mafuta, akafyonza mpaka shingo ikatuna. Mkunjo alijiona fundi. Kila siku saa za kuona wagonjwa alifika hospitali akiwa amenyooka kama nguo zake, na binti, kabla ya salamu haijaisha, aliuliza kama Kipara amekula. Amekula, alijibu, na sahani ameipindua, na papai amelitupa ukutani. Binti alicheka, na muuguzi akasema kicheko hicho kinashinda vidonge.

Kisha shule zikakaribia kufunguliwa, na sare zikamiminika dukani marundo kwa marundo. Mkunjo hakuwa tena na muda wa kukunja taulo mara mbili, wala hakuona haja, maana alishakuwa mzoefu. Alimimina maji kutoka kwenye birika, akakoroga, akagusisha nyuma ya kiganja, akachovya na kidole kwa uhakika zaidi. Vuguvugu. Akavuta uji kwenye bomba.

Asubuhi hiyo Kipara alipokea funda la kwanza, akarudi nyuma kwa nguvu, akatoa sauti ambayo Mkunjo hakuwahi kuisikia. Alitikisa kichwa, uji ukaruka mpaka kwenye kola iliyokwishanyooshwa. Mkunjo alikasirika kidogo, kwa sababu ya kola.

"Deko hilo," alimwambia. Akamshika kichwa kwa vidole viwili, vile vile vya kuokotea makaa, akammalizia bomba lote.

Mchana Kipara aliliona bomba, akageuka, akajibana kwenye kona ya boksi. Jioni vivyo hivyo. Mkunjo akasimama mbele ya ile karatasi, akafuata mistari kwa kidole mpaka alipofika palipoandikwa kwamba ukifika wakati ataacha mwenyewe, na uso wake ukanawiri. Alitoka mpaka kwa fundi viatu kumpa habari kwamba mtoto ameacha bila hata kuachishwa. Fundi viatu aliuliza huko kumwachisha ziwa kumekujaje, na ziwa lenyewe bwana mkubwa amelitoa wapi, wakacheka mpaka mteja aliyekaa na mguu mmoja hauna kiatu akacheka pia. Siku iliyofuata, hospitali, Mkunjo aliitoa habari hiyo kwa madaha, kama mtu anayefungua zawadi. Binti alijifunika uso kwa shuka akalia, na machozi yalikuwa ya furaha. Alisema basi kumbe kitu kinaweza kukulia mikononi mwao na kisife.

Mkunjo alirudi nyumbani akipiga mluzi. Alipofunua boksi, Kipara alikuwa amejikunyata, manyoya yamemsimama, macho nusu. Mahindi yalikuwa vile vile. Papai lilikuwa vile vile, limeanza kukauka pembeni. Alimnyanyua, akapeperusha manyoya ya shingoni, akaona ngozi ya kile kifuko ni nyekundu, imevimba, inang'aa.  Mtu aliyeacha ziwa hula kitu kingine, na huyu alikuwa hajala chochote tangu jana.

Fundi viatu alikuja kutazama, na safari hii hakufanya utani. Alisema kuna daktari wa mifugo nyuma ya duka la vyakula vya kuku, aende sasa hivi, duka atamwangalizia yeye.

Daktari huyo alikuwa dada wa umri wa binti yake, mwenye buti za mpira, na alikuwa akimaliza kumfunga mbuzi mguu. Alimshika Kipara kwa namna ambayo Mkunjo aliionea wivu. Akatenga manyoya, akatazama, akanusa, akatazama tena.

"Ameungua," alisema.

Mkunjo aliuliza ameungua na nini, maana pasi ilikuwa mbali naye.

"Na uji."

Hapo alitaka kununa. Alikuwa amejiandaa kuambiwa ni mafua, ni ugonjwa wa kuambukiza, ni unga mbovu. Alimweleza yule dada, kwa heshima lakini kwa ukali kidogo, kwamba amefanya kazi na moto tangu yeye hajazaliwa, na kwamba uji aliupima kwa mkono kama alivyoandikiwa, ukawa vuguvugu.

Daktari hakubishana naye. Aliwasha jiko, akaweka birika, akampa kikombe, akamwambia atengeneze kama anavyotengeneza nyumbani. Mkunjo akatengeneza. Akakoroga, akagusisha nyuma ya kiganja, akachovya kidole, akaitikia kwa kichwa kwamba sasa tayari. Daktari alikipokea kikombe, akakitua mezani haraka, akapuliza vidole vyake. Kisha akachukua kipimajoto, akakizamisha kwenye uji, akamsogezea asome mwenyewe. Kilisema hamsini na nane. Kinda, alisema daktari, anataka thelathini na tisa, na ikizidi hapo ni kidogo sana.

"Fumba macho, mzee wangu. Nikikugusa, sema."

Mkunjo alifumba macho, akanyoosha mikono juu ya meza. Alisubiri. Alisubiri kama anayesubiri kuitwa kwenye foleni. Mwishowe akasema, kwa upole, kwamba daktari anaweza kuanza.

"Nimeshamaliza vidole, mzee. Niko kwenye kiganja."

Alifumbua. Daktari alikuwa ameshika kalamu ya wino, na viganja vyote viwili vya Mkunjo vilikuwa na vidoti vya buluu, zaidi ya ishirini, na hata kimoja hakukisikia. Kalamu ilipanda taratibu mpaka vidole vinne juu ya kifundo cha mkono, na hapo ndipo aliposhtuka.

"Mkono huu hausikii," daktari alisema. Hakusema kwa ubaya. Alieleza kwamba mishipa ya fahamu ikishakufa mtu hujiona jasiri, kumbe ni ganzi, na kwamba aende hospitali ya watu apimwe, huenda ni sukari, huenda ni miaka ya joto, yeye ni wa ng'ombe hawezi kusema. Mkunjo hakusikia mengi zaidi. Alikuwa amesimama kwenye lile neno moja la marehemu mkewe. Miaka yote alidhani anatukanwa masikio.

Alipewa dawa ya kupaka, maji ya nguvu ya kumdondoshea Kipara mdomoni mpaka aanze kula, na kipimajoto. Daktari alimwambia wazi kwamba siku saba zijazo ndizo zitakazoamua. Ngozi ile ikitoboka, chakula kitakuwa kinatokea shingoni, na kushona ngozi nyembamba namna ile ni kubahatisha. Isipotoboka, atapona. Kila kitu apewe kimepoa. Na mkono asiuamini tena.

Zilikuwa siku mbaya kuliko zote alizowahi kuziishi, ukiacha zile za msiba wake. Alipaka dawa asubuhi na jioni kwa unyoya wa kuku, kwa sababu vidole vyake havikujua vinabonyeza kiasi gani. Aliukoroga uji, akaweka kipimajoto, akasubiri thelathini na tisa kama mtu anayesubiri hukumu, halafu Kipara alipoliona bomba akapiga kelele na kukimbilia kona. Hakulikimbia bomba peke yake. Mkono wa Mkunjo ulipoingia ndani ya boksi hata mtupu, hata na papai, ndege alijibana akafumba macho. Hilo lilimuuma dobi kuliko chochote. Aliacha kuingiza mkono, ila wakati wa dawa na yale maji. Aliweka sahani kwa koleo, lile koleo la mkaa ambalo miaka yote alilidharau, akasogea mpaka nyuma ya pazia, akachungulia.

Siku ya nne kigaga cheusi kikajitokeza shingoni. Siku ya tano, Kipara alisogea sahanini, akatazama huku na huku, akaokota punje moja ya mahindi, akaiangusha, akaiokota tena. Mkunjo alihesabu. Siku hiyo zilikuwa punje tatu. Siku ya sita zilikuwa kumi na moja, na kipande cha papai. Alikula kwa sababu ya njaa, akiwa ametazama pazia, tayari kukimbia. Siku ya tisa kigaga kilibanduka chenyewe, na chini yake ngozi ilikuwa imefunga. Dobi alikaa chini sakafuni katikati ya sare za watu, akalia, bila kujali shati lake litajikunja.

Na hospitali je? Hospitali alisema uongo. Kila siku binti aliuliza kama Kipara amekula, na kila siku Mkunjo alimeza mate akasema amekula, amekula vizuri, anakula mwenyewe. Presha ilishuka. Muuguzi alimsifu mbele ya wodi nzima, kwamba wagonjwa wote wangekuwa na baba kama huyu. Alijua kwamba uongo wake unafanya kazi ya dawa, na hilo lilimchanganya zaidi, maana hakuweza hata kuutubia kwa moyo mmoja. Mikono aliiweka mifukoni. Alijiambia kwamba atasema binti akishajifungua.

Alijifungua kabla ya siku zake, kwa kupasuliwa. Mtoto wa kike, mdogo lakini mwenye sauti. Wakamweka hospitali siku chache, kisha binti akaja kukaa kwa baba yake, maana mume alikuwa bado safarini na yeye kwa mshono ule hakuweza kuinama wala kunyanyua kitu. Mkunjo alimpa kitanda chake. Mashuka aliyapiga pasi pande zote mbili. Alijiambia atasema kesho yake, binti akishapumzika.

Kesho yake binti alimwona Kipara. Alikuwa juu ya boksi, mnene, kijivu kizuri, mkia mwekundu umeshachomoza, ana punje ya mahindi kwenye ukucha mmoja anaimenya kama bwana mwenye nafasi. Binti alishika mdomo. Alisema bibi mfuga kasuku alimwambia wake huacha wiki ya kumi na nne, na huyu wiki ya tisa tu alishaanza kujilisha. Alimtazama baba yake kwa jicho ambalo Mkunjo hakuwa ameliona tangu msichana huyo akiwa na miaka sita.

"Nilikuwa nasema husikii, baba," alisema. "Nilikosea. Kila kilichokuwa kwenye ile karatasi umekifuata."

Mkunjo alirudisha mikono mifukoni. Beseni la mtoto lilikuwa tayari kwenye kiti, maji aliyapasha yeye, na mvuke ulikuwa unapanda kidogo. Binti alikaa ukingoni mwa kitanda, akamfunua mtoto kutoka kwenye taulo.

"Mikono iliyomlea Kipara ndiyo itakayomwogesha mwanangu. Nipimie maji, baba, halafu umpokee."

Kipimajoto kilikuwa mfukoni mwa shati lake, pamoja na kalamu. Angeweza kugeuka kidogo, akakichovya, akasoma, akaongeza maji baridi, na hakuna ambaye angejua. Aliliwaza hilo, na siwezi kumlaumu, mimi na wewe tungeliwaza pia. Angelifanya leo, na kesho, na kesho kutwa. Lakini alimkumbuka Kipara akitikisa kichwa, uji ukiruka, na yeye akisema deko hilo. Mtoto mchanga naye angelia, kama watoto wachanga wanavyolia kwa kila kitu, na yeye angesema ni deko, na angemshika kwa nguvu zaidi amalize.

"Mama," alimwambia binti yake, kama alivyomwita tangu utotoni, "usinipe huyo mtoto."

Akamweleza yote akiwa amesimama. Uji, kola, kichwa alichokishika, karatasi aliyoisoma akaona kile alichotaka kukiona. Daktari wa ng'ombe na vidoti vya kalamu. Siku tisa nyuma ya pazia. Binti alimsikiliza huku akimfunika tena mtoto, taratibu, mpaka akabaki pua tu.

"Kwa hiyo hakuacha mwenyewe," alisema.

"Hakuacha."

"Alikuwa anakuogopa."

"Ndiyo."

"Na kila siku ulikuja pale kitandani ukaniambia amekula."

"Ndiyo, mama."

Alimlaza mtoto katikati ya kitanda. Akajisogeza kwa maumivu mpaka kwenye kiti, akaushika mkono wa baba yake, akauzamisha ndani ya beseni.

"Yakoje?"

Mkunjo alifikiri. Alitaka sana kujua jibu.

"Ni maji," alisema. "Zaidi ya hapo sijui."

Binti akachovya wa kwake kando ya ule wa baba yake, akauchomoa mara moja. Alibaki akiutazama mkono wa baba yake, ambao ulikuwa bado umo, umetulia, ngozi inaanza kuwa nyekundu. Aliutoa yeye. Akaufuta kwa taulo la mtoto, kila kidole, kwa hasira, na machozi yalikuwa yanamtoka. Hakusema amesamehe. Alimwambia tu alete maji ya baridi.

Akamwogesha mwenyewe, akiwa amekaa upande, akiuma meno kwa ajili ya mshono. Mkunjo alishika kipimajoto na kusoma namba kwa sauti kila alipoambiwa asome. 

Alasiri, mtoto alipolala, binti aliomba unga wa makinda na bomba. Mkunjo alimwambia Kipara hataki tena bomba, zaidi ya mwezi sasa halitaki, akiliona anakimbia.  Binti alikoroga uji mwenyewe, akamnyooshea baba yake kikombe, na yeye akazamisha kipimajoto, akasubiri, akasoma.

"Thelathini na tisa."

Akatoka mpaka chumba cha mbele, ili asimtishe ndege, akaishika pasi. Alikuwa kwenye mkono wa kwanza wa shati aliposikia kutoka nyuma ya pazia mlio mkali, kama mlango usiotiwa mafuta. Aliinua pasi isiunguze nguo, akasimama nayo hewani. Wiki tano hakuusikia mlio huo. Alichungulia. Kipara alikuwa mapajani mwa binti, mabawa yanamtetemeka, kichwa kinakwenda juu chini, mdomo umeachama kama siku ile alipofika ndani ya boksi la viatu, anafyonza uji kwa pupa mpaka shingo inatuna.

"Alikuwa hajaacha, baba," binti alisema bila kugeuka.

Bomba likaisha, ndege akaendelea kulia anadai jingine. Binti alitaka kuvuta uji uliobaki, akasita, akakinyoosha kikombe nyuma yake kuelekea pazia, akasubiri. Mkunjo aliiweka pasi chini, akatoa kipimajoto mfukoni, akaenda kusoma.